Nikeli yangu inaondoka na kobalti: nimekosea wapi?

Swali

Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi kwenye maabara ndogo ya uchenjuaji. Tumeyeyusha hidroksidi mchanganyiko ya nikeli na kobalti kwa asidi ya sulfuriki. Kila lita ya myeyusho ina nikeli gramu 45, kobalti 4, manganisi 5, magnesiamu 1.8, kalsiamu 0.5, zinki 0.3, shaba 0.1, chuma 0.4 na alumini 0.3. pH yake ni 2. Nina viyeyushi viwili vya kutengea metali, D2EHPA na Cyanex 272, na vyote navichanganya na mafuta ya taa yaliyosafishwa. Nilianza moja kwa moja na Cyanex 272, nikapandisha pH hadi 6 kwa kostiki soda. Kobalti ilitoka karibu yote, lakini sehemu moja ya kumi ya nikeli ikaondoka nayo. Kati ya mafuta na maji palibaki utandu mzito usiotaka kuvunjika, na fuwele za salfeti ya nikeli nilizopata mwishoni zina magnesiamu na sodiamu nyingi. Nimekosea wapi, na nianzie wapi upya?

Jibu

Marahaba. Umenipa namba zote, na hilo limenirahisishia kazi. Wengi huniuliza "nitumie kiyeyushi gani" bila kusema ndani ya myeyusho kuna nini, na mtu wa namna hiyo huwezi kumjibu.

Kemikali zako ni nzuri. Kilichokosewa ni mpangilio, na nyuma ya mpangilio kuna wazo moja ambalo nataka ulishike kabla hatujaenda mbali. Wewe umeingia kwenye kazi hii ukidhani unakwenda kuichukua nikeli. Kwa D2EHPA na Cyanex 272 nikeli haichukuliwi. Inaachwa. Unawaondoa wenzake mmoja mmoja, kila mmoja kwa pH yake, mpaka ndani ya maji ibaki yenyewe. Ukilishika hilo, utaona kwamba pH 6 ilikuwa ni kuufungua mlango wakati aliyepaswa kubaki ndani amesimama kizingitini.

Tuanze na namna viyeyushi hivi vinavyofanya kazi. Vyote viwili ni asidi dhaifu zinazokaa kwenye mafuta. Ioni ya metali ikiingia kwenye mafuta, ioni mbili za haidrojeni hutoka na kwenda kwenye maji. Ndiyo maana pH hushuka yenyewe kila unapotikisa, na ndiyo maana ukiongeza kostiki soda metali huingia zaidi. Kila metali ina pH yake ya kuingia. Kwa D2EHPA anatangulia chuma cha ioni ya tatu (kilichopoteza elektroni tatu), anafuata zinki, kisha kalsiamu, manganisi na shaba wakiwa karibu karibu, halafu kobalti, na mwisho magnesiamu na nikeli wakikaribiana sana. Kwa Cyanex 272 chuma na zinki bado wanatangulia, kisha shaba na manganisi, kisha kobalti, halafu magnesiamu na kalsiamu, na nikeli ni wa mwisho kabisa. Iangalie hiyo orodha ya pili vizuri: magnesiamu amekaa katikati ya kobalti na nikeli. Tutarudi kwake, maana ndiye aliyekuharibia fuwele.

Kwa nini usitumie D2EHPA peke yake kutenga kobalti na nikeli? Kwa sababu haiwezi. Katika ulinganisho unaotumika sana, uliofanywa kwa mazingira yaleyale, uwezo wa kutofautisha kobalti na nikeli ni kama 14 kwa D2EHPA, kama 280 kwa kiyeyushi cha aina ya PC-88A, na kama 7,000 kwa Cyanex 272. Tofauti hiyo inatokana na umbo la molekuli. Kobalti ikiingia kwenye mafuta hupenda kuzungukwa na majirani wanne tu, na maji hayana nafasi hapo. Nikeli hung'ang'ania majirani sita, wakiwamo maji. Kwenye Cyanex 272 matawi ya kaboni yameungana moja kwa moja na fosforasi, kwa hiyo panabanana, na mwenye majirani sita hapati pa kukaa. Hili unaweza kuliona kwa macho. Kobalti ikiwa kwenye maji ina rangi ya waridi, lakini tikisa faneli ya kutenganishia mafuta na maji dakika mbili, iache itulie, na mafuta ya juu yatakuwa ya buluu iliyokolea kama wino. Mabadiliko hayo ya rangi ndiyo alama ya kobalti kuyaacha maji yake na kubaki na majirani wanne. Nimeifanya kazi hii miaka mingi na bado nasimama kuitazama.

Joto nalo linaingia hapo. Ukipasha moto, kobalti huachana na maji kwa urahisi zaidi, kwa hiyo huingia kwenye mafuta zaidi huku nikeli ikibaki palepale. Ndiyo sababu mitambo mingi ya Cyanex 272 huendeshwa kati ya nyuzi 50 na 60 za Selsiasi. Lakini kanuni hiyohiyo inageuka kinyume chako kwenye hatua ya D2EHPA. Pale unataka manganisi iingie na kobalti ibaki kwenye maji, kwa hiyo usipashe. Fanya kwa joto la kawaida la chumba. Nimeona watu wakizipasha hatua zote mbili kwa mazoea, kisha wakashangaa kobalti yao imekwenda wapi.

Sasa turudi mwanzo kabisa, kabla hujagusa mafuta.

Chuma gramu 0.4 na alumini 0.3 havitakiwi kufika kwenye faneli. Chuma cha ioni ya tatu kikishaingia kwenye D2EHPA hakitoki kwa asidi ya sulfuriki ya kawaida. Kinadai asidi ya hidrokloriki kali, ya mola 4 hadi 6 kwa lita, la sivyo kinajikusanya mzunguko baada ya mzunguko mpaka mafuta yako hayana nafasi ya kitu kingine. Na alumini pamoja na silika laini ndiyo inayojenga ule utandu. Kwa hiyo pasha myeyusho hadi nyuzi 70 au 80, tia haidrojeni peroksidi kidogo ili chuma chote kiwe cha ioni ya tatu, kisha pandisha pH polepole hadi 3.5. Iache hapo saa nzima. Chuma kitashuka. Endelea polepole hadi kati ya 4.5 na 5 na alumini itafuata. Nasema polepole kwa makusudi: ukipandisha haraka unapata ute mwepesi unaonasa nikeli ndani yake na unaoziba karatasi ya kuchujia. Ukipandisha taratibu kwenye joto, chembe hukua, huchujika na kuoshwa vizuri.

Na hapa kuna jambo ambalo ningetamani niwe nimefundishwa mapema. Usitumie kostiki soda wala chokaa kupandishia pH hiyo. Tumia hidroksidi yako yenyewe, ileile uliyoyeyusha. Ni besi. Ikila asidi iliyozidi, inachoongeza kwenye myeyusho ni nikeli na kobalti, wala si sodiamu au kalsiamu. Weka kando sehemu ya mzigo wako, ikoroge na maji iwe kama uji mwepesi, na iongeze kidogo kidogo. Ile itakayobaki bila kuyeyuka pamoja na chuma, irudishe kwenye uyeyushaji wa mzigo unaofuata. Chokaa, kwenye myeyusho wa salfeti, itakuletea jasi, yaani salfeti ya kalsiamu, na jasi tayari unayo ya kutosha. Hebu tazama namba yako: kalsiamu 0.5 kwa lita. Jasi huyeyuka kama gramu 2 hivi kwa lita, na hizo zina kalsiamu ya karibu nusu gramu. Maana yake myeyusho wako umeshajaa tayari. Ukipoa kidogo, ukipoteza maji kidogo, au ukikutana na asidi yenye salfeti nyingi, jasi inaganda. Inaganda kwenye bomba, kwenye tangi, na kwenye mpaka wa mafuta na maji.

Kwenye tasnia hii jina la Bulong, kule Australia Magharibi, hutajwa kila linapozungumzwa jambo hilo. Mtambo ule ulianza 1999, ukapeleka myeyusho uliotoka kwenye udongo mwekundu wa nikeli moja kwa moja kwenye viyeyushi: Cyanex 272 kwanza kwa kobalti, kisha kiyeyushi kingine, Versatic 10, kwa nikeli. Jasi iliwasumbua sana. Majirani zao wa Murrin Murrin walichagua njia ndefu zaidi. Waliangusha nikeli na kobalti kwanza kama salfidi, wakaziyeyusha upya kwa oksijeni chini ya mgandamizo, ndipo wakatumia Cyanex 272, kwa zinki kwanza na kobalti baadaye, na nikeli iliyobaki wakaigeuza unga kwa gesi ya haidrojeni. Ambatovy ya Madagaska, iliyoanza kutoa nikeli 2012, ilifuata njia inayofanana na hiyo. Hatua ile ya kati inaonekana kama mzunguko usio wa lazima, lakini ndiyo inayoacha nyuma kalsiamu, magnesiamu, alumini na sehemu kubwa ya manganisi kabla ya tone la mafuta kuingia. Hidroksidi yako mchanganyiko ni hatua ya kati ya aina hiyohiyo, ila si safi kama salfidi.

Ukimaliza kuondoa chuma na alumini, chuja. Kisha chuja tena. Mimina myeyusho kwenye glasi, uinue mbele ya taa, na uangalie. Ukiona ukungu wowote, hata ule unaofanana na pumzi kwenye kioo, haujawa tayari. Utandu ulioupata wewe nina hakika ulikuwa na alumini na chuma: kwa pH 6 vyote viwili lazima viangukie palepale, na vikianguka katikati ya mafuta na maji yanayotikiswa vinazizungukia tone za mafuta na kuzizuia zisiungane. Hakuna kemikali ya kuuvunja utandu huo iliyo bora kuliko kuuzuia usizaliwe.

Sasa hatua ya D2EHPA. Hapa unataka zinki, kalsiamu, manganisi na shaba viondoke. Tupige hesabu, kwa sababu hesabu hii ndogo itakuokoa majaribio mengi. Manganisi gramu 5 ni mola 0.091. Kalsiamu ni 0.0125, zinki 0.0046, shaba 0.0016. Jumla ni kama mola 0.11 kwa lita. Metali moja, mafuta yasipojaa kupita kiasi, hushikwa na molekuli nne za kiyeyushi. Unahitaji basi mola 0.44 za D2EHPA kwa lita. Ukichanganya asilimia 20 ya D2EHPA kwa ujazo unapata karibu mola 0.57. Kwa hiyo lita moja ya mafuta kwa lita moja ya maji inatosha, na nafasi inayobaki ni ndogo. Udogo wa nafasi hiyo ni faida yako. Mafuta yenye nafasi nyingi za bure yatamkaribisha kobalti, na baada yake nikeli. Mafuta yaliyokaribia kujaa humsukuma nje yule anayeshikwa kwa ulegevu. Kosa la kawaida ni kuongeza kiyeyushi "kwa usalama". Hapa usalama uko kwenye kubana.

Fanya kwa pH kati ya 3 na 3.5, ngazi mbili au tatu (yaani kukutanisha mafuta na maji mara mbili au tatu), maji yakienda upande mmoja na mafuta yakija upande wa pili. Kobalti kidogo itaingia, huwezi kuizuia yote. Isuuze: chukua mafuta yaliyobeba, yatikise na kiasi kidogo cha myeyusho wa salfeti ya manganisi wenye asidi kidogo, na manganisi itaipokonya kobalti nafasi yake. Maji hayo ya kusuuzia yarudi mwanzoni. Kisha vua kilichobaki, yaani kitoe kwenye mafuta, kwa asidi. Hapo tafadhali usitumie asidi ya sulfuriki kwa pupa. Kalsiamu iliyomo kwenye mafuta ikikutana na salfeti inakuwa jasi papo hapo, na ukitumia asidi kidogo ili upate mkusanyiko mkubwa ndiyo unazidisha. Asidi ya hidrokloriki ya mola 2 hivi huvua kalsiamu na manganisi bila jasi. Ila baada yake yasafishe mafuta kwa maji, kloridi isije ikafuata mpaka kwenye nikeli.

Ukitoka hapo ndipo Cyanex 272 inapata kazi yake halisi. Imebaki kobalti gramu 4, sawa na mola 0.068. Mchanganyiko wa asilimia 10 kwa ujazo una karibu mola 0.27, ambayo kwa hesabu ya nne kwa moja inabeba mola 0.067. Inatosha barabara, lita kwa lita. Kobalti ikizidi hapo, molekuli huanza kushikana minyororo na mafuta huwa mazito kama asali, yanachukua muda mrefu kutengana. Ukiona hivyo, punguza maji au ongeza mafuta kidogo, na pandisha joto.

pH? Anza na 5.0. Usivuke 5.5. Najua kwenye 6 uliona kobalti imetoka yote na ukafurahi, lakini kobalti hutoka yote kwenye 5.3 pia ukiwa na ngazi tatu badala ya moja. Mtu mwenye faneli moja hujaribu kufidia ngazi zinazokosekana kwa kupandisha pH, na bei ya kufanya hivyo ni nikeli. Chukua faneli tatu. Mafuta mapya yakutane na maji yaliyokwisha kupita mara mbili, na mafuta yaliyokwisha kubeba yakutane na maji mapya yenye kobalti nyingi. Kwenye ngazi hii ya mwisho kobalti nyingi huitoa nikeli kwenye mafuta bila wewe kufanya lolote. Kisha suuza mafuta kwa salfeti ya kobalti iliyozimuliwa, pH kati ya 4 na 4.5, sehemu moja ya maji kwa kumi ya mafuta. Hata ile nikeli iliyojificha itatoka. Ndipo uvue kobalti kwa asidi ya sulfuriki nyepesi. Inatoka kwa urahisi.

Neno moja kuhusu kifaa cha kupimia pH, kwa sababu limewahi kunigharimu. Nilikuwa naendesha mzunguko mdogo usiku, kifaa kinasoma 5.2 saa baada ya saa, bila kutikisika. Asubuhi kipimo cha maabara kikaonyesha mafuta yamejaa nikeli. Kumbe utando mwembamba wa mafuta ulikuwa umefunika kioo cha kifaa, na kilichokuwa kikisoma ni kitu kisichokuwapo. pH halisi ilikuwa karibu 6. Tangu siku hiyo nakichomoa kila baada ya nusu saa, nakiosha kwa sabuni nyepesi na maji, kisha nakijaribu kwenye vimiminika viwili vya pH inayojulikana. Namba isiyobadilika kabisa kwenye mzunguko unaoendelea ni ya kutiliwa shaka, kwa maana mzunguko wenyewe hautulii hivyo.

Sasa sodiamu, ambayo wengi hawaihesabu. Kila mola ya metali inayoingia kwenye mafuta inadai mola mbili za kostiki soda. D2EHPA itachukua mola 0.11 na Cyanex 272 itachukua 0.068. Jumla 0.178, mara mbili ni 0.356. Hiyo ni gramu 14 za kostiki soda kwa kila lita, na gramu 8 za sodiamu zinazobaki ndani ya myeyusho wako wa nikeli. Gramu 8 za sodiamu kando ya gramu 45 za nikeli, kisha unakausha na kutarajia fuwele safi! Hukukosea kwenye ukaushaji. Sodiamu uliitia kwa mkono wako mwenyewe, tone kwa tone.

Dawa yake ni kuifanya kazi ya kostiki soda nje ya mzunguko mkuu. Kwanza tikisa mafuta mapya na kostiki soda yakiwa peke yake, ili karibu nusu ya kiyeyushi igeuke chumvi ya sodiamu, yaani sabuni. Usivuke asilimia 60, kwa sababu sabuni ikizidi huanza kuyeyuka kwenye maji na tabaka la tatu linajitokeza. Asilimia 5 ya TBP (tributili fosfeti) kwenye mafuta husaidia kulizuia. Pili, yakutanishe mafuta hayo na kiasi kidogo cha salfeti ya nikeli iliyo safi, ile utakayoitoa mwisho wa mzunguko uliopita. Nikeli inaingia kwenye mafuta, sodiamu inatoka humo na kwenda kwenye maji. Maji hayo yenye salfeti ya sodiamu unayatoa nje kabisa, baada ya kuangusha nikeli kidogo iliyobaki ndani yake. Tatu, mafuta hayo yaliyobeba nikeli ndiyo unayaingiza kwenye mzunguko mkuu. Kobalti inaingia, nikeli inatoka kuipisha. pH haishuki tena, kwa hiyo huhitaji kostiki soda pale, na badala ya gramu 8 za sodiamu unapata gramu 10 hivi za nikeli zaidi kwa lita. Kwangu mimi hii ndiyo hatua inayoutofautisha mzunguko wa fuwele safi na mzunguko wa kubahatisha. Ina faneli moja zaidi na inastahili. Amonia, ambayo baadhi ya watu huitumia badala ya kostiki soda, usiikimbilie: hutengeneza na nikeli chumvi pacha ambayo huganda yenyewe pale usipoitaka.

Imebaki magnesiamu. Hapa ndipo pagumu, na sitakuficha. Kwa pH 5.3 magnesiamu karibu yote inabaki na nikeli, na hilo kwenye hatua ya kobalti ni jema. Lakini kwenye fuwele, salfeti ya magnesiamu inaingia ndani ya fuwele ya salfeti ya nikeli na kukaa kwenye nafasi ya nikeli yenyewe, maana ioni zao zinakaribiana ukubwa. Kuosha fuwele hakuiondoi. Kuzifanya fuwele upya mara ya pili kunapunguza tu.

Jambo la kwanza ni la bure: osha hidroksidi kabla ya kuiyeyusha. Hidroksidi za namna hii mara nyingi huangushwa kwa oksidi ya magnesiamu, na keki huondoka imenyonya maji yenye salfeti ya magnesiamu. Ikoroge na maji safi ya vuguvugu, chuja, rudia. Pima magnesiamu ya maji ya kuoshea. Sehemu iliyo kama salfeti itatoka. Chembe za oksidi zisizotumika zitabaki. Huenda ukashuka kutoka 1.8 hadi kiwango kinachovumilika bila kununua chochote.

Isipotosha, una njia mbili. Ya kwanza ni kuipitisha nikeli kwenye Cyanex 272 mara ya pili, kwenye mzunguko tofauti, pH kati ya 6 na 6.5, na safari hii unakubali kwamba nikeli kiasi itaingia pamoja na magnesiamu. Unaisuuza na kuirudisha. Njia hii inafaa magnesiamu ikiwa chini ya gramu moja kwa lita. Ya pili ni kugeuza wazo nililokupa mwanzoni. Versatic 10, ambayo ni asidi ya kaboksili, huchukua nikeli kwenye pH kati ya 6.5 na 7 na kuacha magnesiamu na sodiamu kwenye maji. Kalsiamu huingia kidogo, kwa hiyo lazima iwe imeshaondoka. Hapo nikeli inachukuliwa kweli. Ukiivua kwa asidi ya sulfuriki unapata myeyusho mzito na safi, unaokwenda moja kwa moja kwenye ukaushaji. Lakini hesabu kabla hujapenda: kila kilo ya nikeli inadai kilo 1.36 za kostiki soda, na Versatic 10 yenyewe huyeyuka kwenye maji kidogo kidogo, zaidi kadiri pH inavyopanda. Lazima uyatie asidi maji yanayotoka ili uirudishe. Kwa mzigo wako ningeosha kwanza, kisha ningejaribu Cyanex 272 ya pili, na Versatic 10 ningeiacha kwa siku magnesiamu itakapogoma kabisa.

Mambo mawili kuhusu mafuta yenyewe. Kobalti, ikikaa muda mrefu kwenye mafuta yenye joto na hewa, huchochea mafuta ya taa kuoksidika, na kinachozaliwa ni asidi za kaboksili zinazoipenda nikeli. Baada ya miezi utaona uwezo wa kutofautisha kobalti na nikeli unashuka bila sababu inayoonekana. BHT kidogo, kemikali inayozuia kuoksidika, huzuia hilo. Usiyaache mafuta yaliyobeba kobalti yakalala wikiendi nzima kwenye joto. Jambo la pili ni moto. Unapasha mafuta ya taa hadi nyuzi 55. Chagua yale ambayo joto lake la kushika moto liko juu sana ya hapo, lisomwe kwenye karatasi ya bidhaa na wala lisikisiwe. Pasha kwa maji ya moto, kamwe si kwa jiko la waya. Mafuta yanayokimbia kwenye bomba la plastiki hujichaji umeme tuli. Mtambo wa viyeyushi wa Olympic Dam, Australia, uliungua Desemba 1999 na tena Oktoba 2001, na tangu hapo wahandisi wa fani hii huangalia mabomba na umeme tuli kwa jicho lingine kabisa. Faneli ya lita moja ni ndogo, lakini mvuke wake ni uleule.

Kwa jaribio lako la kwanza, usikimbilie mzunguko mzima. Chukua myeyusho uliokwisha kuondolewa chuma na alumini, ugawe kwenye chupa saba za mililita 50. Kwenye kila moja tia mililita 50 za D2EHPA, na uziweke kwenye pH 2.0, 2.5, 3.0, 3.5, 4.0, 4.5 na 5.0, ukitikisa dakika kumi na kurekebisha pH mpaka itulie. Pima metali zote kwenye maji ya kila chupa, chora mistari. Fanya vivyo hivyo kwa Cyanex 272 kuanzia 4.0 hadi 7.0 kwa nyuzi 50, ukitumia maji yaliyotoka kwenye D2EHPA. pH nilizokutajia ni za kuanzia. Salfeti nyingi, joto na asilimia ya kiyeyushi huzisogeza kidogo huku au kule. Kwenye mchoro wako tafuta pale mstari wa kobalti unapofika juu na ule wa nikeli bado umelala chini, kisha rudi nyuma kwa pH 0.2. Hapo ndipo pa kufanyia kazi. Zipime pia sekunde ambazo mafuta na maji yanachukua kutengana kwenye kila chupa, na uziandike kando ya pH. Chupa ikipita dakika tatu, rudi ukachuje tena.